Kufuli wa Dirisha Namba Tatu

Kama kutunza siri kungekuwa na vyeo, keshia wa dirisha namba tatu angekuwa jenerali. Miaka kumi na tisa alikaa nyuma ya kioo kile, na hakuna aliyewahi kumtoa neno hata moja kuhusu akaunti ya mteja. Mtaani walimwita Kufuli. Alijifanya halipendi jina hilo, lakini ukimwita kwa jina alilopewa na wazazi alichelewa kuitika.

Kila mwanzo wa mwaka benki iliwakusanya wafanyakazi, ikawapa soda na biskuti, ikawakumbusha kwamba habari za mteja hazitoki nje hata kwa dawa, kisha ikawasainisha fomu ya kiapo. Wenzake walisaini huku wakitafuna. Kufuli aliisoma yote, mpaka namba za kurasa. Nakala yake aliitia fremu akaitundika sebuleni, juu kidogo ya picha ya harusi, na mkewe alipouliza kwa nini iwe juu, aliambiwa asianze.

Siku moja mezani, mama yake mzazi alimwomba amwangalizie salio lake, la yeye mwenyewe mama. Mwanawe akafuta mdomo. "Mama, hayo ni ya dirishani. Njoo na kitambulisho." Bibi wa watu kesho yake akapanga foleni, akafika mbele ya mtu aliyemzaa kwa uchungu, akaombwa kitambulisho. Alikitoa. Alimwambia na maneno mengine pia, lakini hayo nayo ni siri ya mteja.

Basi ungedhani siri za watu zimelala salama. Thubutu!

Mdomo wa Kufuli ulikuwa chuma, ila mgongo wake haukusaini fomu yoyote. Mwenye akaunti iliyokauka akikutana naye njiani, aliinuliwa kidevu tu. Mwenye visenti vyake alipata "habari za leo" bila Kufuli kusimama. Lakini mwenye salio nono, lo! Kufuli alisimama, akaubana mkoba kwapani, akatoa mikono yote miwili na kuinama. Hakufanya makusudi, wala hakujua kama anafanya. Mtaa ndio uliojua. Mwenye nyumba akitaka kumpima mpangaji, alimpitisha mbele ya Kufuli saa za kutoka kazini. Baba mmoja aliletewa mchumba wa bintiye mwenye majigambo mengi, akamchukua wakanyooshe miguu upande huohuo. Kufuli akainua kidevu, posa ikafia palepale. Hata mkewe alijua, akanyamaza, maana kipimo kile kilimsaidia kuchagua wanawake wa kucheza nao upatu.

Kulikuwa na fundi cherehani, mjane, aliyeishi mbali kidogo na pale. Mumewe alipofariki, ndugu za marehemu walikuja na huzuni yao na gari la mizigo. Wakabeba televisheni, kabati, mpaka koti la marehemu. Nyumba wakamwachia, maana walimwona hana kitu, wakaogopa kusemwa. Kumbe yeye na marehemu walikuwa na akiba benki, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikimsomesha uuguzi binti yao, ambaye alibakiza mwaka mmoja amalize. Hakutaka mtu ajue. Akauliza dirisha la kuaminika ni lipi, akaambiwa nenda kwa Kufuli. Waliomwelekeza walimsifia mdomo. Habari za mgongo hawakumwambia.

Jumamosi moja alikuwa akimsindikiza shemeji yake mkubwa, aliyekuja kupunguziwa suruali bure kama kawaida yake. Shemeji huyo alikaa mtaa mmoja na Kufuli. Wakakutana naye penye kona ya duka la vifaa vya ujenzi. Kufuli akasimama. Mkoba ukaenda kwapani. Akainama mpaka miwani ikamteleza puani, akamwambia mwanamke ambaye yeye Kufuli alimzidi umri kwa miaka kumi nzima, "Shikamoo, mama."

"Marahaba," fundi akajibu bila kufikiri.

Shemeji alimtazama keshia, akamtazama fundi, akaikunja vizuri suruali yake. "Kumbe, shemeji," akasema.

Alhamisi fundi alikuwa mbele ya kioo. "Umemwambia nani, kaka?"

Kufuli akashika kifua. "Mimi? Mama, tangu nianze kazi hii sijafungua mdomo. Waulize!"

"Mdomo wako sina ugomvi nao. Ni huko kuinama kwako. Shemeji zangu wamekaa kikao, wamenipa wiki moja: niwape pesa ile au nitoke nyumbani. Nitolee yote niwapelekee, nifungie akaunti."

"Lakini kuinama ni heshima tu..."

"Mbona mimi huniinamii?" akauliza mzee wa nyuma kwenye foleni, na watu wakacheka. Walicheka kama watu wanaoujua mchezo siku nyingi. Kufuli akawatazama mmoja mmoja, na aibu ikampanda toka miguuni. Miaka kumi na tisa, na kila mtu alikuwa anamsoma kama gazeti la bure.

Akatoa fomu ya kufunga akaunti. Utaratibu ni utaratibu. "Kuna sehemu ya sababu," akasema kwa sauti ndogo. "Niandike nini?"

"Andika ukweli. Andika, keshia amenisalimia."

Kufuli akafikiri. Kisha, kwa mwandiko mzuri kabisa, akaandika: *Sababu binafsi za mteja.*

Fundi aliisoma, akasaini. "Binti yangu yuko pale nje kwenye ngazi," akasema. "Amekuja na begi lake, anadhani leo nalipa chuo. Nenda kamwambie wewe. Mimi mdomo hauwezi."

Kufuli alichungulia mlangoni, akamwona msichana amekaa, begi magotini. Kisha akagonga muhuri, akamwita mteja anayefuata.