Maziwa ya Shangazi Kabla ya Mechi

Harufu ya maziwa ya mgando yaliyolala kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi haijawahi kunipita bila kunisimamisha. Karibu na ofisi yangu hapa Gisenyi kuna duka dogo la maziwa, na mwenye duka hufungua vyombo vyake asubuhi, saa ileile ninaposhuka kwenye moto, yaani pikipiki ya abiria. Harufu inatoka, nami nabaki pale barabarani na kofia ngumu ya dereva kichwani, mpaka dereva aniombe mali yake. Kwa muda huo mfupi niko Bugeshi, nina miaka kumi, na kaka yangu Fiston anakaribia kuingia uwanjani.

Kila likizo kubwa kulikuwa na mashindano ya mpira ya watoto, timu za mjini na za milimani zikitembeleana. Nyumbani kwetu mpira wa Fiston ulikuwa safari ya wote. Mama, ambaye siku nyingine alivuka mpaka mapema kupeleka nyanya Goma, siku hiyo alibaki akichemsha viazi na kujaza chai kwenye thamosi. Baba aliomba ruhusa kazini kwa visingizio ambavyo nadhani mkuu wake alikwisha kuvizoea. Tulipanda kamyoneti iliyokuwa ikienda milimani kuchukua viazi. Kwenda tulikaa kwenye mbao tupu tukirushwarushwa, kurudi tulikaa juu ya magunia, na makalio yetu yote yalipenda zaidi kurudi.

Bugeshi ndiko alikoishi Shangazi Veneranda, dada mkubwa wa baba. Mama yao alipofariki, huko Masisi, ni yeye aliyemlea baba, yeye mwenyewe bado akiwa msichana. Sasa alikuwa mjane asiye na mtoto, na ng'ombe mmoja aliyempenda kupita kiasi. Tulikuwa tukipita kwake kila mara tunapocheza huko, hadi siku moja alipomwambia baba, bila ukali, wakati tukiaga: "Munakujaka juu ya mupira. Juu yangu mimi, hapana." Baba alielewa: tulikuja kwa ajili ya mpira, si kwa ajili ya dada yake. Nilimwona akishuka kilima kile huku akivua na kuvaa kofia yake.

Safari iliyofuata baba alikuja na mpango. Tungeshukia njia panda, kamyoneti iendelee na timu mpaka uwanjani, nasi tupande kwa miguu kama watu waliotoka mjini kumtembelea tu. Fiston angevaa sweta na suruali ndefu juu ya jezi. Mimi niliambiwa nisitamke neno mpira, na kwa kuwa nilijulikana kwa mdomo mrefu, mama alinishika mkono njia nzima kunikumbusha.

Siku hiyo haikuwa siku ya kawaida. Mwalimu mmoja kutoka Kigali alikuwa anakuja kutazama, kwa sababu shule yake ilitafuta vijana wawili wenye mpira wa kuwapa nafasi ya kusoma. Hapa kwetu kila mtu alijua kwamba mmoja ni Fiston. Alikuwa na miguu mirefu na mbio ambazo sijaona tena. Usiku wa kuamkia safari hakulala, na mimi niliyelala chumba kimoja naye sikulala pia, maana alikuwa akicheza mechi nzima chini ya blanketi.

Shangazi alitupokea kwa furaha iliyonipa aibu. Akatukalisha, kwa sababu maziwa hayanywewi mtu amesimama, akatoa kibuyu chake cha mashanza, ndivyo tunavyoita maziwa ya mgando, akaanza kumimina. Kwetu maziwa hayakataliwi. Huyabakizi kikombeni, huyanywi kwa haraka, wala huagi kabla mwenye nyumba hajapokea chombo chake. Kikombe cha Fiston kilikuwa kile kikubwa cha bati cha marehemu mume wake. Alikimaliza, akakirudisha kwa mikono miwili, na shangazi akakijaza tena mpaka ukingoni.

"Kunywa, mutoto. Uko mukonde sana. Kule Gisenyi munakulaka nini?"

Fiston alimtazama baba. Mama naye alimtazama baba, akasema polepole, "Papa Fiston." Yalikuwa maneno mawili tu, lakini mimi niliyasikia yote yaliyokuwa ndani yake. Baba alikuwa akiangalia paa kana kwamba anatafuta panapovuja. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda, na kutoka bondeni tulisikia filimbi ya refa akijaribu kuzikusanya timu. Fiston akanywa.

Uwanja wa Bugeshi ulikuwa na mteremko upande mmoja na mawe meusi ya volkano upande wa pili. Fiston aliingia akitembea kwa uangalifu, na tumbo lake lilikuwa limeinua jezi mbele. Alipopata mpira wa kwanza alikimbia kidogo, akasimama, akashika ubavu. Wa pili alikimbia nao mpaka karibu na goli, na pale, peke yake na kipa, akainama kando ya mlingoti akayarudisha yote chini, mbele ya Bugeshi nzima. Watu walicheka, hawakuwa na ubaya. Mama mmoja mwenye jembe begani alisema, "Si ugonjwa, ni maziwa," na wenzake wakaitikia kwa heshima. Walimtoa. Mwalimu wa Kigali alichagua wawili wengine, mmoja mvulana wa Mudende ambaye nilimwona mwenyewe kabla ya mechi akitafuna kiazi kimoja cha kuchoma.

Kwenye magunia, wakati wa kurudi, Fiston alisema neno moja tu.

"Papa, ungemwambia tu."

Baba aliivuta kofia yake mpaka machoni. Mama alitufunika kitenge sote wawili, mimi nikalia kwa niaba ya kaka yangu kwa kuwa yeye alikataa kulia.

Toka siku hiyo Fiston hakugusa maziwa. Aliendelea kucheza mtaani kwetu, lakini baba akiuliza habari za mpira, alinyanyuka na kutoka nje. Walizungumza mvua, umeme, bei ya saruji, na watu wasiojua wangedhani wanaelewana vizuri. Mimi nilikuwa upande wa kaka yangu. Nilimwona baba mtu mwoga, aliyeshindwa na mwanamke mmoja na kibuyu chake, na ilinichukua miaka mingi kuacha kumwona hivyo.

Mwaka jana tulipata habari kwamba Shangazi Veneranda hainuki tena. Tulipanda sote, katika gari la Fiston. Siku hizi anauza vipuri vya pikipiki, ana kitambi, na akipanda ngazi hupumzika katikati. Shangazi alikuwa kitandani, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Aliushika mkono wa Fiston, akasema.

"Siku ile ulivaa sweta. Mi niliona masoksi ya mupira chini ya suruali. Ile asubuhi sikupatia majirani maziwa, yote nilikuwekea we, juu upate nguvu ya kukimbia. Sikuuliza, juu Papa yako hakutaka nijue. Bon, sasa nauliza. Mulishinda?"

Mama aliacha kunyoosha blanketi. Baba alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, macho sakafuni, na nilimwonea huruma kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Ninamjua Fiston. Jibu la kweli, kwamba maziwa yale yalimtoa uwanjani, alikuwa nalo kinywani tangu akiwa na miaka kumi na minne.

"Tulishinda, shangazi," akasema. "Mi mwenyewe nilifunga. Ni ile maziwa."

Shangazi alicheka bila sauti, mabega tu. Akasema alijua.

Tukishuka, baba alikaa mbele. Tulikwisha kupita njia panda alipouliza, akiangalia barabara, kama leo kuna mpira kwenye televisheni. Fiston akamwambia upo, jioni, na akamtajia timu. Baba akauliza nani ataanza mbele. Waliongea hivyo mpaka ziwa likaonekana, na mama kando yangu alijifanya amelala ili asiwakatize.

Mimi nilikuwa nyuma, nikimfikiria baba wa siku ile, akiangalia paa. Nilikuwa nimeamini kwamba kunyamaza kulimjia kwa urahisi; kumbe alikuwa amekwama kati ya mwanawe na dada aliyemlea.