Sabuni ya Mawese Kibirizi

Sabuni za kwanza nilizopeleka mwaloni, ufukwe wa ziwa boti za wavuvi zinakotia nanga, zilikuwa na umbo la waridi. Zilikuwa za pinki, zenye harufu ya mchaichai, na nilikuwa nimezitengeneza kwa ajili ya harusi ya mpwa wangu, ili kila mgeni aondoke na moja ndani ya kimfuko. Korona ilipoingia, harusi ikaahirishwa. Maboksi yakabaki chini ya kitanda chetu hapa Rusimbi, na chumba kizima kikanukia kama saluni.

Wifi yangu anaanika na kuuza dagaa Kibirizi. Asubuhi moja alipita nyumbani, akasimama mlangoni bila kuingia, maana ndivyo tulivyokuwa tunatembeleana siku hizo, akaniambia kwamba mwaloni kumewekwa ndoo za kunawia na tangazo kubwa limebandikwa ukutani, ila sabuni hakuna. Ile ya maji iliyoletwa mwanzoni ilikwisha kabla boti za mchana hazijatia nanga.

"Sasa watu wananawaje?" nikamuuliza.

"Wanalowesha vidole, wifi. Wakishalowesha wanajipangusa kwenye suruali, halafu hao, wanashikana mikono."

Nikaenda chumbani, nikavuta maboksi. Aliyatazama, akanitazama mimi.

"Hizi si za harusi?"

"Harusi itatengenezewa nyingine. Beba hilo, mimi nabeba hili."

Mwaloni tuliweka sabuni juu ya sahani ya bati kando ya ndoo. Mvuvi wa kwanza kufika alikuwa jitu la mabega mapana, magamba ya migebuka yamemganda hadi kwenye viwiko. Aliligeuza lile ua kiganjani kana kwamba litavunjika.

"Mama, hii ni ya kula au ya kunusa?"

"Ya kunawa."

"Nikirudi nyumbani nanukia hivi, mke wangu ataniuliza nilikuwa kwa nani."

"Mwambie ulikuwa kwa mwalimu wa chekechea, anakufundisha kunawa mikono."

Wenzake wakaangua kicheko, naye akanawa, tena akanawa vizuri, mpaka kwenye viwiko. Baada yake ikawa foleni. Ilipofika alasiri hapakuwa na waridi hata moja. Nyingine ziliishia mikononi kwa halali, nyingine ziliondoka mifukoni, na sikujali. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu kwamba watu hawakukataa kunawa. Walikosa cha kunawia tu.

Kweli mimi ni mwalimu wa chekechea. Sabuni ni mapenzi yangu tu. Bibi yangu kule Simbo alikuwa akipika sabuni ya mawese kwa majivu ya maganda ya ndizi, nyeusi, laini kama ugali wa muhogo, na harufu yake naijua kuliko manukato yoyote. Nilipokuwa mtu mzima nikaanza kujaribu yangu, kwa kostiki, ile soda kali ya dukani, pamoja na mawese na mafuta ya mise, zile kokwa za chikichi. Nimeunguza sufuria. Nimetoa sabuni iliyochambuka kama jibini, nyingine ikalia machozi ya mafuta wiki nzima, nyingine ikanibabua vidole. Mume wangu alizoea kuwaambia wageni, "Wengine wanafuga kuku, mke wangu anafuga sabuni." Sikukasirika. Kila iliyoharibika ilinifundisha kitu, na kwa kuwa sikuwa nikiuza, niliweza kuharibu kwa raha zangu.

Shule zilipofungwa, mikono yangu ikabaki bila kazi. Baada ya siku ile ya waridi nikarudi mwaloni kumwona mwenyekiti wa wavuvi. Nikamwambia nitapika sabuni ya kutosha mwalo mzima, mradi nipate mafuta.

"Lini tutaipata?" akauliza. "Kesho?"

"Si kesho."

"Mwalimu, ugonjwa hausubiri."

"Najua. Lakini sabuni mbichi inaunguza. Wanawake wako wa dagaa wana mikono iliyopasuka kwa chumvi na jua. Nikiwapa ikiwababua, hawatagusa sabuni tena, hata ikiwa nzuri namna gani. Nitaipika motoni badala ya kuiacha ikomae yenyewe kwenye rafu. Hiyo haichukui muda mrefu. Nipe siku chache."

Alikuna kidevu. Nadhani alizoea watu wanaomwahidi kesho. Mwishowe akasema, "Haya. Mafuta niachie mimi."

Na mafuta yalikuja. Madumu ya kwanza yaliletwa na akina mama wa Simbo wenye michikichi yao. Halafu msikiti wa mtaani ukaleta, na jumuiya ya kanisa la jirani nayo ikaleta siku iliyofuata, iliposikia msikiti umetangulia. Nikapanga sufuria uani. Nilivaa glovu za mpira na miwani ya mume wangu ya kuendeshea pikipiki, nikamwaga kostiki ndani ya maji, taratibu, na kamwe si maji juu ya kostiki, kwa maana hapo hurukia uso. Mume wangu, yule mcheshi wa kuku, ndiye aliyeshika mwiko. Alikoroga akitoka jasho, na mchanganyiko ulipoanza kuwa mzito na kung'aa akaita, "Njoo uone, imeshikana!" kwa sauti ya mtu aliyeshinda mechi.

Nilimimina kwenye visanduku vya mbao, ikapoa, nikaikata vipande. Nikaijaribu kwenye mikono yangu kwanza, kisha ya mume wangu, kisha ya wifi. Haikumuwasha mtu, tukaipeleka mwaloni.

Tatizo likahamia kwenye maji. Pale mwaloni kila mtu alifungua koki ya ndoo kwa mkono mchafu na kuifunga kwa mkono safi, kwa hiyo kunawa kwenyewe kulikuwa bure. Tulitengeneza vibuyu chirizi, yale madumu yanayoinamishwa kwa kijiti na kamba ya kukanyaga. Kwenye mchanga wa Kibirizi vijiti vililala, upepo wa ziwa ukamaliza vilivyobaki.

Ndipo nikamkumbuka jirani yangu wa nyumba ya tatu. Ni mzee aliyefanya kazi reli ujana wake wote, na tangu astaafu alitengeneza treni. Treni ndogo za bati, za makopo ya maziwa na mifuniko ya bia, zenye magurudumu yanayozunguka na milango inayofunguka. Hakuziuza wala kuzigawa, alizipanga dirishani tu. Binti yake anayeishi Dodoma alikuwa amempigia simu akampiga marufuku kutoka nje, kwa umri wake na kifua chake, na mzee alikuwa ameshikwa na hasira za kufungiwa.

Nilisimama nje ya ua wake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Simama hapohapo, mwalimu, nina amri kutoka Dodoma."

Nikamweleza shida ya koki. Alisikiliza akiwa ameegemea mlango, barakoa yake ya kitenge imening'inia kidevuni. Sikuwa nimemaliza kusema aliponikatiza.

"Hao wanawake wa dagaa wanafika pale na mabeseni kichwani?"

"Ndiyo."

"Basi kanyagio liwe chini na liwe pana. Mtu akanyage bila kuinama. Na mguu wa stendi ya ndoo uwe wa chuma, uzikwe. Niletee baiskeli mbovu. Nataka fremu, na nataka waya wa breki."

Mtaa mzima uligeuka kuwa ghala lake. Watu walileta baiskeli zilizokufa miaka mingi, wakaziegesha uani kwake na kuondoka bila kugonga. Kuanzia asubuhi nyundo yake ilisikika mpaka kwangu. Stendi ya kwanza ilipokamilika aliisukuma hadi langoni, akanituma nijaribu na beseni la maji kichwani. Nikakanyaga. Waya ukavuta, koki ikafunguka, maji yakatiririka. Nikaachia, yakakatika. Aliitikia kwa kichwa mara moja, akageuka kurudi ndani.

"Mzee, nzuri sana!"

"Koki inachelewa kufunga," akajibu bila kugeuka. "Ya pili itakuwa bora."

Ya pili ilikuwa bora kweli. Tuliizika mwaloni, na nikaona mama mmoja akinawa huku beseni la dagaa limetulia kichwani mwake, hata hakusimamisha mazungumzo aliyokuwa nayo na mwenzake. Sabuni tuliifunga ndani ya vipande vya nyavu chakavu na kuining'iniza kwenye stendi, isianguke mchangani wala isipate miguu.

Halafu siku moja nyundo haikusikika.

Nilidhani amepumzika. Kesho yake tena kimya. Nikaenda langoni, nikaita, naye akajibu kutoka ndani kwa sauti ndogo kwamba ana homa na kifua kimebana. Watu walikuwa wakizikwa mjini na hatukuwa tunaambiana walichokufa nacho. Jambo la kwanza lililonijia ni kwamba baiskeli zile zilipitia mikono ya watu wengi, na mimi ndiye niliyeziomba.

Tulimpigia binti. Alilia kwanza, kisha akatulia akauliza maswali ya maana. Mume wangu akampata daktari tunayemfahamu, akaja, akampima joto na pumzi, akaacha dawa na maagizo. Kama ilikuwa korona au la hatukujua, hakuna aliyepima. Majirani walikuwa na ushauri wao, wengi wakitaka ajifukize, na mzee aliwajibu kupitia dirishani kwamba ameshakula moshi wa injini vya kutosha. Nilipomsikia akisema hivyo nilipata tumaini. Nilipeleka uji asubuhi na supu ya migebuka jioni, nikiviweka juu ya kiti mlangoni na kurudi nyuma mpaka avichukue. Siku mbaya zaidi hakuvichukua, na daktari alirudi akakaa naye muda mrefu.

Alipona polepole. Nilikuwa nakoroga sufuria uani niliposikia nyundo ikigonga bati, kwanza kwa kusitasita, kisha kwa mpigo wake uleule. Mume wangu alisimamisha mwiko. Tukasikiliza, na sabuni ya siku hiyo karibu ituungulie.

Habari za mwalo wa Kibirizi zilisafiri na boti. Wanawake wa Mwamgongo wanaoleta mawese mjini walinawa, wakauliza, na wakatuma ujumbe kwa wifi kwamba nao wanataka. Mimi na wifi tukapanda boti na maboksi yetu na stendi mbili za mzee, tukapita milima ya Gombe upande wa kulia, ziwa likiwa limetulia kama mafuta.

Pale ufukweni alitupokea mama mmoja mfupi mwenye sauti ya kuamuru, ambaye wenzake walimfuata kila alikoelekea.

"Mwakeye," akatusalimu kwa Kiha, kisha akaangalia maboksi. "Mwalimu, tunashukuru. Hizi zikiisha?"

"Nitaleta nyingine."

"Na ziwa likichafuka, boti zisije?"

Akaonyesha mteremko nyuma ya nyumba, uliojaa michikichi mpaka juu.

"Mafuta ni haya hapa. Tufundishe sisi."

Nikafundisha hapohapo ufukweni, wote wamekaa mbalimbali, khanga zimezungushwa puani. Nilisema Kiswahili, naye akawageuzia Kiha bibi vizee, na kila nilipotaja kostiki aliongeza ukali wake mwenyewe, hata nikaona wale bibi wakijivuta nyuma na kuwakamata wajukuu. Sufuria yao ya kwanza iligoma. Mafuta yalikaa juu, maji chini, na mmoja akataka kumwaga.

"Usimwage," nikamwambia. "Yangu yamegoma mara nyingi. Endelea kukoroga."

Walipokezana mwiko. Mikono ilichoka, mwingine akaingia, na hatimaye ikashikana, ikawa nzito na ya rangi ya chungwa. Yule mama mfupi alichota kidogo kwa kijiti, akakitazama juani, akasema, "Kumbe ni uvumilivu tu."

Nilimwacha na kiasi cha kostiki na maelekezo aliyoyarudia mbele yangu mpaka nikaridhika.

Shule zilipofunguliwa nilirudi darasani kwangu. Mzee alitengeneza stendi fupi kwa watoto wa chekechea, na kanyagio lake lilipendwa mno hata ikabidi niwakataze kunawa. Harusi ya mpwa wangu ilifanyika, wageni walipata sabuni za umbo la samaki. Stendi za mwaloni baadhi zimeliwa na kutu, na moja mtu aliing'oa, Mungu anamjua.

Wanawake wa Mwamgongo hawakuacha kupika. Juzi yule mama alinitumia mche mmoja wa sabuni kwa boti, umefungwa kwenye jani la mgomba, kisha akanipigia simu.

"Umeiona? Ya kwako ililainika upesi. Hii hailainiki."

Nikanawa nayo huku simu ipo sikioni. Alisema kweli. Ilikuwa ngumu, yenye povu jingi, na ilisafisha bila kukausha mkono.

"Umeweka nini?" nikamuuliza.

"Njoo uone," akasema. "Boti ipo kila siku."