Gari Lisilo na Gia

Mguu wangu wa kushoto ulinyauka nikiwa mtoto. Haukunjiki, hausukumi, unakuja tu kwa sababu umeunganishwa na mimi. Kwa hiyo marehemu mume wangu alipotafuta pikapu ya kubebea vifaranga na chakula cha kuku, alitafuta ya auto, ambayo haina klachi ya kukanyagwa na mguu wa kushoto. Ilikuwa kuukuu tayari siku tuliyoinunua. Aliniketisha kwenye usukani, akazunguka upande wa abiria, akafunga mkanda, akafumba macho. Shule ya udereva ilikuja baadaye.

Huku kwetu upande wa Malinya iliitwa gari lisilo na gia. Watu walichungulia dirishani wakatazama zile herufi, P, R, N, D, L, kisha wakamtazama mume wangu kwa huruma, mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. Yeye alicheka tu. Mimi siku za soko nilikuwa naenda Shianda na kurudi bila kumwomba mtu.

Alipofariki, mdogo wake alijipa kazi ya kuitunza hiyo pikapu. Kila Jumapili alikuja kutoka kanisani na tai yake shingoni, akafungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi na kukiinua juani.

"Mulamwa," aliniambia, maana ndivyo sisi mashemeji tunavyoitana, "hii mafuta imejaa kupita kiasi. Wacha nipunguze."

Alikuwa na mpira mwembamba na chupa ya plastiki. Alinyonya kidogo, akatema, akala obusuma na ingokho, ugali wetu na kuku, akaenda zake. Sikumkataza. Mtu anayekuja kumkumbuka kaka yake kupitia boneti, utamwambia nini?

Baadaye pikapu ikaanza kufikiri. Ukiweka D, inanguruma, inatafakari, ndipo inaondoka. Kwenye mlima injini ilipiga kelele nyingi huku magurudumu yakienda kwa mwendo wa maandamano ya mazishi. Siku moja nikitoka sokoni ilikataa kabisa kilima cha nyumbani. Nilitaka kurudi nyuma nijipange upya, nayo R ikakataa pia. Majirani wakaisukuma, vifaranga wakilia nyuma kana kwamba wao ndio wanaosukuma.

Shemeji akaja, akasikiliza, akatoa hukumu.

"R imekufa. Auto ni ugonjwa, mulamwa. Tuing'oe tuweke manual, kama gari ya watu. Kuna mtu Mumias ananiuzia boksi nzima na klachi yake."

Majirani wote wakaafiki. Hakuna aliyeutazama mguu wangu.

"Na nani ataendesha?" niliuliza.

"Mimi si niko?"

Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kuliko nilivyoogopa kwenye matanga, kwa sababu kwenye matanga kulikuwa na watu wengi na kazi ya kupika. Nilijua pikapu ikipata klachi, mimi nitakuwa mtu wa kusubiri. Utotoni nilisubiri sana kubebwa, na kazi hiyo sikuipenda hata kidogo. Nikamwomba asinunue chochote kwanza.

Asubuhi yake niliiamsha, nikaenda Kakamega mjini polepole, nikichagua njia zisizohitaji kurudi nyuma. Fundi niliyempata alikuwa mtu mnene mwenye heshima, na jambo la kwanza aliloniambia ni kwamba niweke manual. La pili, kama sitaki, ataongeza mafuta mekundu.

"Mekundu gani?" nikauliza.

"Mafuta ya auto ni mekundu, mama. Nyekundu ni nyekundu."

Nikamwambia mimi nauza chakula cha kuku. Chakula chote cha kuku kina rangi moja, lakini mpe kuku wa mayai chakula cha kuku wa nyama uone utakula nini. Kwanza tujue huyu ni kuku gani. Fundi akasema kuna kibati kilichoandikwa aina ya giaboksi, kinakaa ndani ya boneti. Tulikitafuta hatukukiona. Mtu aliyetupigia rangi pikapu zamani alikuwa na bidii: alipaka bodi, akapaka kibati, akapaka na kiota cha nyigu kilichokuwa karibu. Fundi akasugua kwa mafuta ya taa na kitambaa mpaka maandishi yakajitokeza. Akayapiga picha, akamtumia muuza spea wa Kisumu, naye akajibu ni boksi gani na inakunywa mafuta gani. Hayakuwa yale ambayo fundi alikuwa ameshika mkononi. Aliyarudisha dukani.

Kisha akaingia chini kufungua sampu, lile sinia la chuma linaloshika mafuta. Alinieleza kabla hajafungua: ndani kuna sumaku. Ikiwa imeshika tope laini la kijivu, huo ni uzee tu. Ikiwa imeshika vipande vya chuma, boksi imekwisha, nami itabidi nimpigie shemeji simu anunue ile ya Mumias. Nilisimama nikiegemea mlango, nikaomba. Sikuomba maneno ya maana, nilirudia tu "tope, tope."

Mafuta yalitoka kidogo mno, meusi, yakinuka maharage yaliyoungua. Fundi akatoa mkono chini ya gari na kunionyesha sumaku. Ilikuwa na tope.

"Nani anapimanga hii mafuta?" akauliza.

"Shemeji yangu."

"Injini ikiwa inanguruma, ama imezimwa?"

"Imezimwa. Jumapili ni siku ya mapumziko."

Fundi akakaa chini. Akanieleza kwamba mafuta ya injini hupimwa gari likiwa limezimwa, lakini haya ya giaboksi, kwa pikapu kama yangu, hupimwa injini ikiwa moto na inanguruma. Ukiizima, mafuta hurudi chini, kijiti kinadanganya kwamba yamejaa. Kwa hiyo shemeji yangu, kwa upendo wote, alikuwa akiinyonya damu Jumapili hadi Jumapili.

Akasafisha, akaweka chujio jipya na mafuta yake halali, akaniambia niwashe na nipitishe mkono wa gia kwenye kila herufi huku nimekanyaga breki. Yeye alisimama mbele, kijiti mkononi. Sasa, huku kwetu L na R ni ndugu wanaoazimana nguo. Akasema, "Weka eru." Mimi nikasikia R. Lakini R si ilikuwa imekufa? Nikaiweka, nikalegeza breki nione kama kuna uhai. Pikapu ikaruka nyuma ikaingia kwenye rundo la matairi. Fundi akabaki amesimama palepale, kijiti mkononi, akitazama mahali gari lilipokuwa.

"Nilisema eru!" akapaza sauti. "Ya mulima!"

Nililia. Alidhani ni kwa sababu ya matairi, akaniambia hayana shida. Tulikubaliana kuanzia hapo aseme "nyuma" au "mlima", tukaendelea na kazi.

Niliporudi nyumbani nilimkuta shemeji uani. Kando yake kulikuwa na boksi ya manual, chini ya turubai, na pedali ya klachi juu yake. Hakuwa amesubiri.

"Ukiiweka hiyo," nikamwambia, "mimi nitashuka kwenye hii gari na sitaipanda tena."

"Lakini nitakupeleka mimi," akasema. "Mahali popote, mulamwa. Ukitaka tu, unasema."

Alimaanisha kila neno. Hapo ndipo nilipokasirika hasa, kwa sababu mtu mbaya ningejua la kumwambia. Nikamfungulia mlango wa abiria, nikamwambia apande.

Tulishuka, tukageuza, tukapanda kile kilima cha nyumbani. Pikapu haikufikiri. Njia nzima shemeji alikuwa akikanyaga klachi isiyokuwepo kwa mguu wake wa kushoto, na tulipofika juu mguu ukatulia. Aliutazama, kisha akautazama wangu. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu nilipoolewa.

"Nishushe hapa," akasema kwa sauti ndogo. "Nitatembea."

Nikamwambia akae. Nitampeleka mahali popote, akitaka tu, anasema.