Jinsi Nilivyopata Jina la Fahali

Jameni, aibu hii nilikuwa nimeizika kabisa, lakini kwa vile jana mmeniita Fahali mbele ya mke wangu, na tangu tufike nyumbani ananiuliza mtu mwembamba kama mimi aliitwaje ng'ombe dume, wacha niseme mwenyewe kabla hamjaongeza chumvi.

Ilikuwa miaka ya sabini, nikiwa kijana wa kuchora vibao vya bucha na mahoteli hapa Nyeri (na kujiona, wacha tu!). Watu wa Majengo, mtaa wa Waswahili, walikuwa wamechoka kusikia ati mtaa wao hauna mtu wa maana, na kwa kuwa mwandishi wa gazeti alikuwa anakuja na kamera siku ya kufungua ukumbi wao, wakaniita niwachoree ukuta mzima, nchi iwaone vile walivyo: Bi Zuhura akikaanga mahamri, fundi kwenye cherehani yake, vijana na mpira, mlima nyuma yao, na juu kabisa maandishi makubwa, MAJENGO FAHARI YA NYERI.

"Ndirangu mwanangu," Bi Zuhura akaniambia, "hayo maneno nionyeshe kabla hujapaka."

"Ah, Bi Zuhura, herufi ndiyo kazi yangu!"

Hapo ndipo nilipojimaliza. Sisi Wakikuyu na L na R mnatujua, na pale kwa Bi Zuhura nilikuwa nimechekwa sana kwa kuomba "kitu ya kukura" nikitaka kula, kwa hivyo nikajiwekea sheria: ulimi ukitaka R, mkono uandike L. Nikaandika FAHALI (Nyeri ilipona kwa sababu nimezaliwa huko), nikafunika ukuta na turubai, nikaenda zangu nikipiga mluzi.

Siku yenyewe turubai likatolewa. Wakikuyu wetu wa kutoka mashambani wakapiga makofi, wenyeji wa Majengo wakatazamana. Fundi akaninong'oneza, "Bwana wee, umetuita ng'ombe dume?"

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini sikilizeni: diwani, Mkikuyu mwenzangu, akasimama akasoma kwa sauti, "Majengo, fahari ya Nyeri!" Sawasawa kabisa, maana kwa ulimi wake L haipiti, na mwandishi akaandika vile alivyosikia. Ningenyamaza ningepona! Mimi huyo, nikashika mkebe wa rangi nyeusi na brashi, nikapanda ngazi mbele ya wageni wote.

"Ndirangu, teremka!" Bi Zuhura akapiga kelele.

Nikateremka kweli, kwa tumbo, ngazi ikienda kwake na mimi kwangu, na brashi ikampitia Bi Zuhura wa ukutani kidevuni. Ndevu hizo! Kamera nayo ikalia.

Gazeti likatoka na picha hiyo hiyo: mimi ukutani kama mjusi, Bi Zuhura na ndevu, FAHALI juu yetu. Nikamwendea Bi Zuhura mwenyewe, nikiwa karibu kulia. "Nimewaharibia mtaa. Sasa watawacheka zaidi."

"Wanakuja kucheka tangu asubuhi," akasema, "na mahamri yameisha. Maandishi usiguse. Nitoe ndevu, halafu umchore huyo fahali, na umpe sura yako, tujue ni nani alituita hivyo."

Tangu hapo siandiki hata jina langu bila kumwonyesha mtu. Na wewe mama watoto, yule ng'ombe mwembamba wa ukutani pale Majengo, kila tukipita unasema maskini anaonekana ana njaa, basi ndiye umekuwa ukimpikia miaka yote hii.