Fundi wa Freni

Fundi wa freni wa hapa Saio hataki msaidizi. Akitaka kutoa upepo kwenye freni, anamketisha mwenye motokari kwenye usukani, mguu kwenye pedali ya freni, yeye analala chini na chupa yake ya mafuta, zinabaki kuonekana kambambili zake za miguuni tu. "Finya! Finya! Shikilia!" anapiga kelele, sauti kavu kama ya jogoo mwenye mafua. Hapo anafungua skurubu, upepo unatoka na mapovu, anafunga, ndipo anasema, "Achilia." Ukiachilia kabla hajasema, upepo unarudi ndani, kazi inaanza upya, na matusi yake yanasikika mpaka mtaa wa Bigo. Hata padiri alifinya, akashikilia. Siye majirani tunajua kuiga sauti ile kuliko nyimbo za kanisani.

Wakati wa vita, komanda mmoja alileta pikapu aliyonyang'anya watu. "Ukimaliza, unapanda," akamwambia. "Tunaenda na weye Mambasa, kwenye mapigano." Fundi akapangusa mikono kwenye paja lile lile la suruali anapopangusia siku zote. "Ndiyo, mukubwa. Panda, finya." Komanda akaweka bunduki kando, akafinya. "Shikilia!" Mimi nilikuwa nachambua maharagi nyuma ya uzio wetu wa matete. Nikaona matete yanafunguka, fundi anapita kwa magoti, miguu mitupu, anapotelea migombani. Kambambili zilibaki chini ya pikapu. Komanda akangoja, akangoja, halafu akauliza kwa adabu ya mwanafunzi: "Fundi, niachilie?"

Nikakausha sauti kama ya fundi.

"Bado! Shikilia!"