Damu ya Mkwe

Kitale nilienda nikiwa kijana wa kukamua ng'ombe, kwa mzungu mmoja aliyependa ndama kuliko watu. Chai yake hata sukari haikuwa nayo, lakini hiyo tuiache. Huko ndiko niliona ndama akinyweshwa dawa ya minyoo vibaya, ikashuka mapafuni. Alipumua kama uji unaochemka. Nilimshika shingo mpaka akanyamaza, akafa, na sauti ile nikadhani nimeiacha Kitale.

Sasa, juzi hapa, miaka ya elfu mbili na kitu, mke wangu akatapika damu. Vidonda vya tumbo. Tukamtoa nyumbani Ndalu mpaka hospitali Bungoma. Wakasema aongezwe damu haraka, na sisi jamaa tutoe nyingine ya kurudisha kwa akiba yao. Mimi walinikataa, ati ni mzee. Mkwe wangu, mume wa binti yetu, alikunja shati hata kabla ya kuombwa. Alipomaliza akasimama nje ya wadi, uso kwa ukuta, maana kwetu mkwe haingii mahali mama mkwe amelala.

Ule mfuko wa damu ulikuwa haujaisha nikasikia uji ule wa Kitale. Mke wangu ameketi, anavuta hewa haiji, povu mdomoni. Nesi akafunga damu, wakaleta oksijeni. Mimi nilikaa kwa benchi. Hata kuomba nilichoka.

Dada yangu akatoka, akamkuta mkwe.

"Wewe bana! Mlangoni unaogopa, halafu unaingia kwa mama mkwe kupitia mshipa? Si damu yako imeona haya, sasa inamsonga!"

"Shangazi, mimi nilitaka kusaidia."

"Ati kusaidia!"

Daktari aliyewasikia akasema hapana. Mara chache damu ya kuongezwa huchokoza mapafu yakajaa maji, na ile ya kijana iko kwa friji bado, inangoja kupimwa.

"Mkwe, umesikia?" nikamwambia. "Si yako."

"Nimesikia, baba." Lakini alikuwa anamtazama dada yangu, ambaye bado alitikisa kichwa.

Alishinda hapo nje siku zote mpaka mke wangu akapumua vizuri, akaomba chai, akauliza nani alitoa damu. Nikatoka kumwita asimame dirishani amsalimie kutoka nje, hiyo inaruhusiwa. Nikamwona anapita geti. Nikaita. Aliinua mkono bila kugeuka, akashika njia ya reli, na hajarudi, hata kwa binti yetu.