Bi Sababu Ipi na Donge Lisiloumuka

Kiwanda kizima cha mikate kilimwita Bi Sababu Ipi, naye aliitika bila kinyongo. Jina alilitafuta mwenyewe. Ukitamka "kwa sababu" mbele yake, hata kama unakimbilia chooni, atakushika mkono: "Sababu ipi, mwanangu? Ya kutokea au ya kuamini?"

Wafanyakazi wapya walidhani bibi ana skurubu iliyolegea. Basi aliwakalisha juu ya magunia ya unga, akawaeleza. "Nikikwambia jirani yangu kahama kwa sababu kapata kazi mji mwingine, hiyo ni sababu ya kutokea. Sote tunajua kahama, nakueleza tu kilichomhamisha. Sasa wewe ukibisha kwamba hajahama, nami nikasema kahama kwa sababu dirishani hamna mapazia na ndani hamna hata kiti, je, mapazia ndiyo yaliyomfukuza?"

Mgeni hucheka.

"Haya, hiyo ni ya kuamini. Neno ni lile lile, kazi ni mbili. Ukizichanganya, utaeleza vizuri kabisa jambo ambalo halikutokea."

Nyumbani mumewe alikuwa ameshakoma. Akichelewa, alivua viatu mlangoni na kusema, "Mke wangu, nipe chakula kwanza. Sababu nitaichagua nikishiba."

Aliyelelewa na swali hilo tangu akiwa na meno ya utotoni ni binti wa marehemu kaka yake. Bi Sababu Ipi alimchukua akiwa mdogo, akamsomesha, na binti alipokua akaomba mwenyewe kazi ya kukanda unga katika chumba kile kile alichokisimamia shangazi yake. Alikuwa mwepesi wa mikono na mzito wa maneno. Sasa shangazi alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi, na bosi alikuwa hajakata shauri: amkabidhi binti chumba cha kukandia, au alete mtu wa nje? Bi Sababu Ipi hakuficha. Alikitaka chumba kile kwa ajili ya binti kwa moyo wake wote, na alimwambia hivyo kila aliyekuwa na masikio.

Kumbe mambo yanaweza kwenda mrama kwa mchana mmoja tu. Siku hiyo shangazi alikuwa stoo, binti ndiye aliyekanda unga wa mikate ya jioni. Moshi, mchoma mikate, alipokuja kuchukua donge, alilikuta limelala ndani ya beseni kubwa, bapa, halijaumuka hata kidogo. Akapaza sauti, "Huyu hakutia hamira!"

Hapo ndipo watu walipoonyesha vipaji vyao. Mmoja akasema hakutia hamira kwa sababu kachumbiwa, akili yote iko kwenye harusi. Mwingine akasema ni kwa sababu ya simu, kila dakika anachungulia. Moshi akaongeza kwamba ni majivuno tu, anajua chumba keshapewa na shangazi yake. Kila sababu ilikuwa nzuri kuliko iliyotangulia, na kila mtu alitikisa kichwa kwa huzuni ya kujidai.

Bosi akaingia, akatazama donge, akamgeukia binti. "Kwa nini hukutia hamira?"

Binti hakuwahi kufungua mdomo. Shangazi alikuwa amefika mbio kutoka stoo, na kuona uso wa bosi tu akajua binti yu karibu kumwaga unga, namaanisha kufukuzwa kazi, maana unga wenyewe ulikuwa palepale. Hofu ikamshika. "Msamehe, bosi," akasema. "Ni kwa sababu mume wangu anaumwa. Mtoto huyu amekesha naye usiku kucha. Mtu asiyelala husahau. Lawama ni yangu mimi."

Yalikuwa maneno ya mapenzi, na ndiyo yaliyomzamisha binti. Bosi akaguna, "Basi ni kweli alisahau."

"Shangazi," binti akasema taratibu, "hiyo ni sababu ya kutokea nini?"

Akajipangusa unga mikononi.

"Ni kweli nilikesha. Lakini unaeleza kwa nini nilisahau hamira, na hakuna aliyethibitisha kwamba nilisahau. Hamira nimetia. Nani ana sababu ya kuamini kwamba sikutia?"

"Si hili hapa halijaumuka!" Moshi akafoka.

"Kutoumuka sibishi, kaka, nina macho. Mnachosema ni kwamba hamna hamira ndani. Sasa tuone." Akakata kipande cha donge lile, akakitia bakulini. Akachanganya unga na maji matupu mbele yao, akautia bakuli la pili. Yote mawili akayaweka karibu na tanuri, penye joto. "Kama sikutia, vyote viwili vitabaki vilivyo. Changu kikiumuka peke yake, hamira imo. Bosi, naomba usubiri."

Bosi akavuta kiti. Shangazi alisimama ukutani, uso umemshuka kwa aibu. Yeye, Bi Sababu Ipi mzima, amenaswa mchana kweupe! Lakini chini ya aibu ile kulikuwa na kitu kingine kinachomchezea kifuani.

Wakasubiri mpaka chai ya bosi ikapoa. Bakuli la unga mtupu lilibaki limenuna. La binti lilianza kuinuka pembeni, kisha katikati, mwishowe likachungulia ukingoni.

"Imo," akasema bosi.

"Imo," akasema Moshi, kwa shida.

"Sasa ndipo tuulize kwa nini lilichelewa," akasema binti. Akafungua bomba la maji ya moto, akauvuta mkono wa bosi chini yake. Maji yalikuwa baridi kama ya mtungi. Hita ya kupashia maji ilikuwa imekufa, na hamira kwenye baridi husinzia. "Kosa langu ni kutoyapima maji kwa kidole. Hilo nalikubali."

Bosi akavua funguo za chumba kwenye mkufu wake. Hakuzipitisha kwa shangazi. Alimpa binti mkononi.

Shangazi akaja na mikono wazi, machozi yakimtiririka bila kuyaficha, akasimama mlangoni kati ya chumba na baraza.

"Shangazi," binti akasema, akiinamia beseni, "ingia au toka. Unaniingizia baridi, na donge hili sasa ni langu."

Shangazi akatoka. Akafunga mlango polepole, akashuka ngazi kifua mbele hadi getini, akamshika mlinzi begani.

"Umesikia?" akamwambia, akicheka na kulia kwa pamoja. "Mwanangu amenifukuza!"